Besi Laini

Mzee Mikidadi alipoacha kupiga besi hakumuaga mtu. Jumamosi moja, katikati ya shughuli ya watu huko Kihonda, alimaliza wimbo wa pili, akalivua gitaa begani, akaliegemeza kwenye spika na kuteremka jukwaani, mkono wa kushoto kaubana kwapani kama aliyeumwa na nyuki. Wenzake wa Bondwa Sound walidhani kaenda kujisaidia. Wakasubiri. Wakapiga wimbo mmoja bila besi, watu wakawa wanacheza kwa kusitasita kama wanaokanyaga utelezi. Mwishowe Hashimu, kiongozi wa bendi, akamwambia mpiga kinanda azibe pengo kwa mkono wake wa kushoto. Wakati huo Mikidadi alikuwa keshapanda bodaboda, yuko njiani kurudi Bigwa.

Ilikuwa baridi yabisi. Nyuzi za besi ni waya mnene wa chuma, na yeye alikuwa amezikandamiza kwa miaka thelathini na minne. Sasa kila alipobonyeza, maumivu yalianzia kwenye vifundo vya vidole yakapanda mpaka kiwikoni. Daktari alimpa dawa na kumshauri apumzike. Yeye akaenda mbali zaidi: gitaa akaliacha kwa Hashimu na hakuuliza tena habari zake.

Kuanzia hapo kila asubuhi akawa anakwenda kwa mpwa wake, Semeni.

Semeni alikuwa fundi sofa. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara ya Bigwa, mlima ukiwa umeinama juu yake, mbele pamepangwa makochi yaliyovuliwa vitambaa. Mjomba ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la pili, yeye na mama yake, Bi Chausiku, waliporudi nyumbani kwao. Na ni mjomba huyo aliyempeleka kwa fundi akajifunze, siku ambazo watu walisema mwanamke na nyundo wapi na wapi. Kwa hiyo alipoanza kuja kukaa pale karakanani, akichagua misumari iliyonyooka na kukunja vitambaa, Semeni alimkaribisha bila maswali. Alimpa kigoda na chai.

Lakini aliona. Mjomba alizungumza habari za mvua, za bei ya ndizi, za jirani aliyechimba kisima kikavu, ila muziki hakuutaja. Redio ya duka la jirani ikipiga dansi, alikumbuka ghafla kwamba ana jambo huko nje. Alisimama uani akitazama mlima mpaka wimbo uishe, kisha akarudi na kusema, "Leo mawingu yamekaa vibaya." Semeni alikuwa akigonga msumari kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita alikuwa anaunda kochi la watu watatu. Fremu ilikuwa tayari, naye alikuwa ameshavuta mikanda ya mpira, ile inayokatwa kwenye matairi chakavu na kupigiliwa kwenye mbao ili sponji ipate pa kulala. Mteja akamwita nje waangalie rangi ya kitambaa. Walipokuwa wanabishana juu ya rangi ya maziwa na rangi ya tui, akasikia nyuma yake: *dum. Dum-dum. Dum.*

Akageuka. Mjomba alikuwa ameinamia fremu ya kochi, kidole gumba cha kulia kinagonga mkanda, na vidole vya kushoto, vilevile vibovu, vinaubonyeza huku na huku. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye mbali sana. Alipomwona Semeni akaondoa mikono upesi.

"Mkanda huu umelegea," alisema.

Haukuwa umelegea.

"Mjomba, umeubonyeza na mkono wa kushoto. Haujauma?"

"Huu? Huu hata mtoto mchanga angeubonyeza." Akachukua kopo la misumari na kuendelea kuchagua, mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa Semeni ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Kutwa nzima ile sauti haikumtoka kichwani. Gitaa la besi ni refu na zito, nyuzi zake zimekazwa kama kamba ya hema. Mkanda ule ulikuwa mfupi, laini, na bado ulinguruma. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba umenguruma, na kwamba mjomba wake kwa dakika nzima alisahau kwamba vidole vinamuuma.

Alianza kazi hiyo nyumbani, mjomba asijue. Alichukua ubao wa mkangazi uliobaki kwenye kazi fulani, akachonga kitu cha urefu wa mkono wake, shingo fupi, tumbo dogo. Ndani alikichimba kupitia tundu la mbele kikawa kitupu, maana mgongo wa mzee nao haukuwa wa kubebeshwa mizigo. Nyuzi nne alizikata kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Shingo aliiacha laini, bila vile vichuma vinavyopangwa kwenye gitaa kuonyesha kila sauti ilipo. Alipokikwanyua, akivuta uzi na kuuachia, kikanguruma, lakini taratibu mno. Ilibidi uweke sikio kwenye ubao ndipo usikie.

Akakifunga kwenye kanga, akaenda nacho Sabasaba kwa Rogers, fundi simu na redio, kijana mcheshi mwenye meza iliyojaa nyaya.

"Dada Semeni, hiki nini, mwiko wa ugali?"

"Besi. Nataka iingie kwenye spika."

Rogers alikizungusha, akakibonyeza, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Aisee. Hii noma. Inabidi tuiwekee pikapu."

"Pikapu ya kubebea matofali?"

"Kile kidude chenye sumaku, dada, kinachokaa chini ya nyuzi. Ndicho kinachosikia sauti kikaipeleka kwenye spika."

Alikuwa nacho kimoja kwenye droo, kimetoka kwenye gitaa lililokufa. Wakakifunga, wakaunganisha waya, wakafungua spika mpaka mwisho. Semeni akakwanyua. Kimya. Akakwanyua tena kwa nguvu. Spika ilikoroma peke yake kama mtu aliyelala, lakini besi haikutoa neno.

Rogers akajipiga kofi la paji la uso. "Mimi nami! Sumaku inasikia chuma. Mpira kwake ni kama haupo. Ungeweka hata tambi, ni yaleyale." Akakuna kidevu. "Niachie mpaka kesho. Tunatafuta kitu kinachosikia mtikisiko, siyo chuma."

Kesho yake alikuwa amepasua saa ya kengele ya mezani na kutoa ndani yake kisahani chembamba cha rangi ya shaba, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Kile kinachopiga kelele saa ikilia. "Ukikipa umeme kinatikisika," alieleza. "Na ukikitikisa, kinatoa umeme. Kidogo tu, lakini unatosha." Akakibandika chini ya kijiti kinachobeba nyuzi. Semeni akakwanyua uzi mnene, na skrubu zilizokuwa kwenye kisosi juu ya meza zikaanza kucheza. Mwuza viatu wa kibanda cha pili akatoa kichwa kuuliza kama kuna lori linapita.

Semeni aliimba njia nzima hadi Bigwa.

Mzee Mikidadi alikitazama kile kitu juu ya meza ya karakana kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mpwa wake.

"Semeni, mwanangu. Unataka nipande jukwaani na manati?"

"Kijaribu tu, mjomba."

"Nimepiga besi mbele ya mawaziri mimi." Akachukua kofia yake. Siku ile hakumaliza chai, na kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja.

Semeni alijilaumu. Aliona kwamba amemdhihaki mtu mzima bila kukusudia, amempa mwanasesere mtu aliyenyang'anywa mtoto. Siku ya tatu alikuwa amejifunga kibwebwe kukiondoa kile kitu pale mezani, mjomba akaingia. Akapokea shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akachagua misumari kama kumi hivi. Kisha, bila kumtazama mtu, akanyoosha mkono.

"Hebu lete hilo manati lako."

Kwanza alitafuta sauti, maana kwenye shingo fupi vile zilikuwa zimesongamana kama wapangaji. Alikosea, akasonya, akakosea tena. Halafu akapata. Semeni aliona mabega ya mzee yakishuka, kichwa kikalala upande, na mguu wa kulia ukaanza kugonga sakafu wenyewe. Alipiga kwa robo saa. Alipoacha, alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, akavitazama kwa mshangao kama vya mtu mwingine.

"Haviumi," alisema. Kisha, kwa hasira ya fundi: "Lakini mipira yako mibovu. Inanata kama ulimbo. Na inavutika, nimeanza wimbo sauti iko juu, nimemaliza iko chini. Hii mipira siyo."

Na hapo kazi ikawa ya watu wawili. Kunata walikumaliza kwa poda ya watoto; mzee alipaka vidole kabla ya kupiga, na suruali yake ikawa na alama nyeupe kila siku. Kuvutika ndiko kulikowasumbua. Walijaribu mipira ya kufungia mizigo kwenye pikipiki: ikawa migumu. Walijaribu mpira wa manati ya kweli: ukaimba vizuri siku mbili, ya tatu ukakatika na kumchapa mzee kwenye sikio. Walijaribu mkanda wa cherehani, wakapata sauti ya mtu anayekohoa. Mikidadi sasa alikuwa anafika karakanani kabla ya Semeni, anakuta mlango umefungwa na kununa.

Alhamisi moja Semeni alirudi nyumbani mchana akamkuta mama yake amesimama jikoni, mikono kiunoni. Bi Chausiku alikuwa na jiko la presha la umeme, zawadi aliyopewa na wanakikundi wenzake, na alilipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

"Maharage haya yako jikoni tangu saa mbili," alisema. "Mpaka sasa ukimrushia mtu unampasua. Jiko linapumua tu, fyuu, fyuu. Nimefungua mfuniko, mpira wake haupo. Ule wa mviringo. Panya anakula mpira siku hizi?"

Mikidadi alikuwa ameketi barazani, anakunywa chai, anatazama mlima kwa makini sana.

Semeni alirudi karakanani mbio, mama yake nyuma yake. Juu ya besi, mahali pa uzi mnene, palikuwa na mpira mweupe, laini, unaong'aa kidogo, umekatwa kwa wembe kwa ustadi wa hali ya juu. Semeni akaukwanyua. Sauti iliyotoka haikuwa ya tairi wala ya manati. Ilikuwa nene na safi, ikakaa hewani, ikafifia polepole bila kushuka.

Mzee naye akafika, kikombe bado mkononi.

"Kaka," alisema Bi Chausiku, "umeniibia."

"Nimeazima."

"Umeukata kwa wembe!"

"Nimeazima nikakata." Akaweka kikombe chini, akaichukua besi. "Chau, sikiliza kwanza, halafu ndiyo unitukane." Akapiga. Uzi mpya ulikuwa mmoja tu, akaupiga huohuo, akiburuta kidole juu na chini, wimbo wa zamani wa kumtoa mwali ambao mama yao alikuwa akiuimba walipokuwa wadogo. Bi Chausiku alisimama pale amefura. Uso ukaanza kulegea. Ilikuwa miezi mingi hajamwona kaka yake akicheka na meno yote. Mwisho akashika kanga yake na kuyumba kidogo, hatua mbili, hatua mbili, kisha akajikumbuka na kujikaza.

"Nyuzi za besi ni ngapi?" aliuliza.

"Nne."

"Na umeiba mpira mmoja. Mwizi gani wewe?" Akatoka.

Jioni alirudi na mfuko. Alikuwa amezunguka kwa wanakikundi wenzake wote wenye majiko kama lake, akikusanya mipira ya zamani iliyokwisha kubadilishwa. Semeni aliikata kwa unene tofauti, mwembamba kwa sauti ya juu, mnene kwa ya chini, na usiku haujaingia besi ilikuwa na nyuzi nne nyeupe kama meno.

Hashimu alipokuja kuiona, aliizunguka mara mbili. "Miki, hii si besi, hii ni kitinda mimba wa besi." Lakini alikuwa na shida yake: Jumapili bendi ilikuwa na harusi ya binti mmoja aitwaye Zuhura, huko Kinole mlimani, na mpiga kinanda alikuwa amesafiri. Akakuna kichwa. "Nyimbo mbili. Zikienda vibaya, tunaendelea bila besi na wewe unakwenda kula pilau."

Kinole siku hiyo ilikuwa na ukungu wa asubuhi uliochelewa kuondoka, migomba inadondosha maji, na harufu ya karafuu na pilau imechanganyika mpaka hujui ipi ni ipi. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya matofali, mbele ya nyumba ya bibi harusi. Semeni alikaa mstari wa mbele na mama yake. Watu walipoiona besi walinyoosheana vidole. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama bendi imekuja na mtoto wake.

Hashimu akahesabu. Gitaa la solo likaanza, tumba zikaingia, Mikidadi akapaka poda, akagusa uzi wa kwanza.

Yowe lililotoka lilimfanya kila mtu azibe masikio. Lilianza kama mvumo, likapanda, likawa mlio mmoja mrefu usiokwisha, kuku wakatawanyika. Mikidadi akashika nyuzi zote kwa kiganja, yowe likaendelea. Hashimu akamkazia macho. Vijana nyuma wakaanza kucheka.

Semeni alikuwa ameshasimama kabla hajajua kwamba amesimama. Sabasaba spika ilikuwa ndogo. Hapa ilikuwa kubwa kama kabati na iko nyuma ya mgongo wa mzee. Tumbo la besi lilikuwa tupu. Ngurumo ya spika ilikuwa inaingia mle ndani, inakitikisa kisahani, inarudi kwenye spika, inaingia tena. Kitu kitupu kinachopiga kelele, fundi sofa hawezi kushindwa nacho. Alipanda jukwaani, akavua mtandio wake kichwani, na kwa vidole viwili akausokomeza wote ndani ya tundu la besi, kama anavyojaza mto wa kochi, mpaka ukabaki ncha tu.

Yowe likakatika.

"Piga, mjomba," alisema.

Akapiga. Na Semeni, akiwa palepale jukwaani bila mtandio, alisikia kwamba sauti haikurudi ilivyokuwa, ilikuwa bora. Kitambaa kilikuwa kimenyonya mvumo wote wa ovyo. Kila noti ilidondoka nzito na kavu, ikatua tumboni kwa mtu kabla haijafika masikioni. Mpiga tumba aligeuka kumtazama Mikidadi. Mikidadi, kwa kujisahau, akagonga ubao kwa kidole, na kile kisahani kinachosikia kila kitu kikautoa mlio huo kwenye spika kama ngoma. *Tok!* Mzee akashtuka. Akagonga tena, makusudi. Mpiga tumba akamjibu. Akagonga mara mbili katikati ya noti, akajibiwa mara mbili, na hapo akina mama wa Kinole wakapiga vigelegele, wakainuka wote kwa pamoja, wakaja mbele wakitikisa mabega. Bi Chausiku alikuwa katikati yao, na safari hii hakujikumbuka.

Kwa sababu shingo haikuwa na vichuma, Mikidadi aliweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine, na kila alipoteleza kwenda chini wachezaji nao waliteremka, magoti yanakunjwa, na kila alipopanda walipanda. Hakuna aliyewafundisha. Mpaka wimbo wa tatu uwanja mzima ulikuwa unashuka na kupanda, bibi harusi na shela lake ndani yake, na yule mzee aliyeuliza habari za mtoto alikuwa amekwama huko chini akiomba mtu amwinue, huku anacheka machozi yanamtoka.

Nyimbo mbili za Hashimu zikawa kumi na moja. Mikidadi alikula pilau yake baadaye, imepoa, akiwa amezungukwa na watu waliotaka kugusa nyuzi. Hashimu alikuja na soda mbili mkononi, akampa moja Semeni. "Fundi," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "mtandio wako nitakununulia mwingine. Huo usiutoe."

Kushuka mlimani walipanda nyuma ya gari la bendi pamoja na vyombo. Semeni alikuwa na furaha ya kutosha kunyamaza nayo, lakini mjomba hakumpa nafasi.

"Shingo ni fupi," alisema.

"Shingo haina tatizo, mjomba."

"Ni fupi. Ongeza vidole viwili. Na tumbo livimbe kidogo upande wa chini, nipate pa kugonga. Nilikuwa napapasa kama kipofu."

"Ukiongeza shingo, mpira haufiki. Mpira wa jiko una mwisho wake."

"Basi tafuta jiko kubwa zaidi!"

Mpiga tumba akasema anaona shingo iko sawa, akaambiwa anyamaze na wote wawili.

Bado wanabishana. Gitaa la pili Semeni alimtengenezea Mwalimu Agnes wa Mzumbe, mpigaji wa kwaya mwenye viganja vidogo, aliyekuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba besi si ya mikono yake. Lina nyuzi tano na linapigwa kila Jumapili. La tatu alijaribu kulitengeneza kwa mti wa mwembe, likapinda kama ndizi, liko uani linatundikiwa taulo. Mikidadi anapiga na Bondwa Sound kila mwisho wa wiki, na siku za katikati anakaa karakanani, ila sasa hakai kwenye kigoda. Amejichukulia pembe yake ya meza, na penseli yake, na ubao wake. Juzi Semeni alimkuta ameshachora shingo mpya kwenye ubao wa kochi la mteja, vidole viwili zaidi, ameikoleza mistari ili isifutike.

"Mjomba, huo ni mkono wa sofa ya watu!"

"Chonga mwingine," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Huu nimeshauzoea."